Kutengeneza kopi ya rija ya matuta kwa trekta ndogo kuukuu

Kila mwaka Septemba ikiingia, maswali yanakuwa yale yale. Mtu ana Massey Ferguson (MF) 35 au 135 ya kurithi, au kanunua Kubota, Yanmar au Iseki ndogo iliyokwishatumika Japani. Trekta inawaka vizuri, lakini ilikuja na plau peke yake, au ilikuja mikono mitupu. Mvua za Novemba zinakaribia na yeye anataka matuta ya tumbaku, ya mahindi au ya viazi vitamu. Rija, yaani zana ya kuinulia matuta inayofungwa nyuma ya trekta, ya rika moja na trekta yake haipo dukani. Ile moja aliyoiona iko kwa jirani, na jirani hauzi. Basi anauliza: inaweza kutengenezwa kama ile?

Inaweza. Karakana yoyote ya Tabora mjini, Urambo au Sikonge yenye mashine ya kuchomelea na grainda inaimudu kazi hii. Kinachowashinda wengi ni kwamba wanakopi sura ya rija badala ya kukopi vipimo vyake. Kopi nzuri inafuata ya asili bila mzaha mahali pawili: panaposhikana na trekta, na panapogusa udongo. Kati ya hapo na hapo ni chuma tu, tumia ulichonacho.

Mwongozo huu ni wa rija ya miguu miwili inayobebwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta: miwili ya chini, na mmoja wa juu katikati uitwao toplinki. Kila mguu una kiatu chini yake, ncha ya kuchimba mbele ya kiatu, na mabawa ya kusukuma udongo pembeni. Mwenye pawatila (trekta ya mkono ya magurudumu mawili) asome hatua ya 5 hadi ya 8 tu, kwa sababu ushikaji wake ni mwingine kabisa.

Kabla ya kuanza

Kwanza, azima rija ya asili kwa siku moja. Mwambie jirani ukweli kwamba unataka kupima, hutafungua hata nati moja. Ukikosa ya kuazima, vipimo nilivyoweka humu vitakufikisha, ila utarekebisha zaidi shambani.

Vifaa: mashine ya kuchomelea, grainda yenye diski za kukatia na za kusagia, drili yenye keni (vyuma vya kutobolea) hadi milimita 16, jiliwa, nyundo nzito, skwea, futi ya chuma, chaki, uzi wenye timazi, na maboksi matupu ya bidhaa kwa ajili ya kukata vielelezo. Utahitaji pia moto wa fundi chuma wenye mvukuto, na sumaku yoyote, hata ya spika mbovu. Kazi ya sumaku utaiona mbele.

Chuma:
- Bomba la mraba la milimita 60 kwa 60, unene 5, kwa trekta ndogo za Kijapani. Kwa MF tumia 75 kwa 75, unene 6. Ukilikosa, chukua vyuma viwili vya pembe vya 75, unene 8, uviunganishe viwe boksi. Urefu ni mita 1.5.
- Chuma bapa cha miguu: 65 kwa 16 kwa trekta ndogo, 75 kwa 20 kwa MF.
- Pleti ya milimita 8 kwa viatu na vishikio.
- Jani la springi ya lori, upana wa milimita 70 hadi 90, kwa ajili ya ncha.
- Visahani vilivyochakaa vya haro au vya plau, kwa ajili ya mabawa.
- Bolti za M16 zenye namba 8.8 kichwani, na bolti laini za M6 au M8 zenye namba 4.6. Usizichanganye. Sababu iko hatua ya 6.
- Rodi za kuchomelea za milimita 3.2: za kawaida za 6013, na chache za 7018 zilizotunzwa pakavu.

Neno kuhusu vyuma chakavu. Tabora ni makutano ya reli, na kuna watu watakuletea kipande cha reli, taruma la chuma au bolti zake kwa bei ya kutupa. Usinunue. Hiyo ni hujuma ya miundombinu, na anayenunua naye anaweza kushtakiwa. Springi za Fuso na visahani vya haro vinatosha, tena ni chuma bora kwa kazi hii.

Na jingine: usikate pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au dawa za shamba, hata kama linaonekana kavu. Mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche, pipa linalipuka.

Hatua kwa hatua

1. Pima ushikaji wa trekta, siyo wa rija peke yake.

Anza nyuma ya trekta yako. Pima tundu la mpira (kichwa cha chuma cha mviringo) wa mkono wa chini, tundu la kichwa cha toplinki, na umbali kati ya mikono miwili ya chini ikiwa imening'inia kawaida. MF 35, MF 135 na Ferguson za kabla yao zinafuata kipimo kinachojulikana duniani kama daraja la 1: pini za chini milimita 22, pini ya juu milimita 19, na kutoka bega hadi bega la pini za chini ni milimita 683. Kimo kutoka mstari wa pini za chini hadi pini ya juu ni milimita 460. Trekta ndogo zaidi hutumia daraja la 0, lenye pini za chini za milimita 16 na upana wa inchi 20, yaani sentimita 51 hivi. Zile za Kijapani za zamani nyingine hazifuati hili wala lile. Ndiyo maana nasema pima.

Andika vipimo vya MF kwa inchi pia, kwa sababu zilibuniwa kwa inchi. Milimita 22 unayoiona ni inchi saba ya nane. Hata nyuzi za bolti zake za asili nyingi ni za inchi, wakati maduka yetu yamejaa za milimita. Nati ya milimita ikilazimishwa kwenye bolti ya inchi huingia mizunguko miwili mitatu, inabana, unadhani imekaa. Siku ya kwanza shambani inatoka na nyuzi zote.

2. Pima rija ya asili.

Iweke kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, isimame kama inavyosimama kazini, na fremu iwe imelala sawa. Sasa chukua mambo haya kwa utaratibu: kimo kutoka sakafuni hadi chini ya fremu, umbali wa mlalo kutoka pini za chini hadi ncha, upana wa mabawa kwa nyuma yakiwa yamefunguliwa na yakiwa yamefungwa, na kimo cha ukingo wa chini wa bawa kutoka sakafuni.

Halafu angalia ncha. Utakuta ncha inagusa sakafu lakini kisigino cha kiatu kimeinuka kidogo, sentimita 1 hadi 1.5. Huo mwinamo ndio unaoifanya rija ijizamishe yenyewe badala ya kuteleza juu ya udongo. Kama rija ya jirani imechakaa, mwinamo utakuwa umeliwa. Usikopi uchakavu! Rudisha kile ambacho kingekuwepo ikiwa mpya.

Kwa mabawa, bana boksi juu ya bawa, pitisha chaki pembezoni, kata. Kielelezo hicho kiandike "kulia" au "kushoto" na "mbele", maana kikishatoka mkononi kinafanana na kitu chochote. Piga picha pande zote nne kwa simu, futi ikiwa inaonekana kwenye picha.

3. Amua nafasi ya matuta kabla ya kukata fremu.

Tumbaku ya mvuke hapa kwetu hupandwa sentimita 120 tuta hadi tuta na sentimita 50 mche hadi mche, takriban miche 16,600 kwa hekta. Mahindi na viazi vitamu huenda 75 hadi 90. Miguu ya rija ipite nyuma ya magurudumu, ili mtaro ufute alama ya tairi na udongo ulioshindiliwa uvunjwe.

Hapa MF ina bahati. Tairi zake za nyuma hubadilishwa upana kwa hatua za inchi 4, kuanzia inchi 48 hadi 76, na inchi 48 ni sentimita 122. Kwa hiyo ziweke kwenye nafasi ya ndani kabisa, miguu ya rija uiweke 122, na tumbaku yako iko sawa. Trekta ndogo za Kijapani nyingi hazifikii upana huo. Ukiwa na mojawapo, itumie kwa mahindi na viazi, au funga mguu mmoja tu katikati ya fremu. Kulazimisha miguu ya 120 nyuma ya tairi za 90 kunaleta balaa kwenye mzunguko wa pili: tairi inapanda ubavu wa tuta ulilopiga sasa hivi.

4. Tengeneza fremu na mnara.

Kata bomba mita 1.5, ziba ncha zote mbili kwa pleti ili maji yasiingie. Weka alama ya katikati kwa tindo, siyo kwa chaki, kwa sababu kila kitu kitapimwa kutoka hapo.

Mabega ya pini za chini yatokane na pleti ya milimita 8, pande zote mbili za katikati kwa umbali sawa. Pini nunua zilizotengenezwa. Usitumie nondo: inapinda, ina mabonde, na inakula mpira wa mkono wa trekta. Pini itokeze milimita 40 kabla ya tundu la pini ya usalama. Mnara ni vyuma bapa viwili vinavyopanda kama herufi A na kukutana juu, vikiacha nafasi ya milimita 46 hadi 50 kwa kichwa cha toplinki, na vyuma viwili vya mshazari vinavyorudi nyuma kushika fremu. Bila hiyo mishazari mnara utalala mbele siku ya kwanza.

Bandika kwanza kwa nukta ndogo. Nukta moja kulia, moja kushoto, kisha pima mshazari: kutoka pini ya chini kulia hadi tundu la juu, na kutoka ya kushoto hadi tundu la juu. Vipimo viwili vilingane. Ndipo uchomelee kwa vipande vifupi ukihama upande hadi upande. Fundi anayejaza upande mmoja mpaka mwisho huacha fremu imepinda kama upinde, na kuinyoosha ni kazi kubwa kuliko kuitengeneza.

Umeme wetu jioni hushuka nguvu, na mshono unakuwa juu juu tu bila kupenya. Sehemu za kubeba mzigo, yaani mabega na mnara, zichomelee asubuhi. Vaa kofia yenye kioo cha kuchomelea. Miwani ya jua haizuii kitu, na usiku wa macho kuwasha kama yana mchanga anaujua kila fundi aliyedharau. Bomba lenye rangi ya fedha ya zinki lisage hadi chuma kionekane kabla ya kuchomelea. Moshi wake unaleta homa.

5. Tengeneza miguu.

Mguu uwe na urefu wa kutosha kuacha sentimita 50 hadi 55 kati ya chini ya fremu na ncha. Ukiufupisha, mabua na majani ya msimu uliopita yatajikusanya chini ya fremu na utakuwa unasukuma takataka badala ya kupiga tuta.

Mguu haufungwi moja kwa moja kwenye fremu. Unakaa kati ya mashavu mawili ya pleti ya milimita 8, na mashavu yanashika fremu kwa pleti ya nyuma na bolti nne za M16. Ukilegeza hizo nne, mguu unateleza kulia au kushoto unapobadilisha nafasi ya matuta. Watu hupenda kuchomelea mguu kwenye fremu kabisa "iwe imara". Msimu ujao wanarudi wanataka 90 badala ya 120.

6. Weka bolti ya kukatika.

Hili ndilo jambo ambalo kopi nyingi huliacha, na ndilo linalookoa trekta. Mashamba ya Urambo na Kaliua yamefunguliwa kutoka kwenye miombo, na visiki vya mninga na mkora hukaa ardhini miaka. Urambo yenyewe ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walileta hadi matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, na bado mashine ziliharibika hovyo kabla mradi haujavunjwa 1951. MF 35 yako haina ubavu wa kifaru.

Toboa tundu la M16 juu ya mashavu; hiyo ndiyo bawaba ya mguu, weka bolti ya 8.8. Sentimita 10 chini yake toboa tundu la bolti laini ya 4.6. Ncha ikigonga kisiki, bolti laini inakatika, mguu unalala nyuma, na hasara yako ni bolti moja. Ncha iko kama sentimita 60 kutoka bawaba, na bolti iko sentimita 10, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye bolti ni mara sita ya ile iliyo kwenye ncha. Anza na M6 kwa trekta ndogo na M8 kwa MF. Ikikatika bila kugonga kitu, panda saizi moja. Ukiweka 8.8 hapo, umeiua kazi yake yote, na kitakachovunjika ni mkono wa trekta au kasha la nyuma.

7. Tengeneza ncha kwa jani la springi.

Hapa pana ufundi, nenda taratibu. Kata kipande cha sentimita 25. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kinyooshe kwa nyundo, kisha kizike kwenye majivu makavu mpaka kipoe chenyewe, hata kama ni hadi kesho. Sasa kimekuwa laini na drili inapita. Ukiruka hatua hii utamaliza keni zote za duka.

Chonga pande zote mbili ziwe kama mkuki. Faida yake ni kwamba upande mmoja ukiisha unageuza ncha na kuendelea. Toboa matundu mawili ya milimita 12 katikati, upande wa juu uyapanue ili kichwa cha bolti ya plau kizame na kisiburuze udongo.

Baada ya kutoboa, rudisha ugumu. Pasha ncha moja, sentimita 5 hivi za mwisho. Kila mara igusishe sumaku. Siku zote chuma kikifikia joto linalotakiwa, sumaku haikishiki tena. Hapo hapo kizamishe kwenye oili, siyo maji. Maji huipasua springi. Fanya kazi hii nje, oili iwe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko karibu, maana inaweza kuwaka. Kikishapoa kitakuwa kigumu lakini dhaifu kama kioo. Kisafishe kwa msasa hadi king'ae, kisha kipashe polepole kutoka katikati. Utaona rangi zinatembea kuelekea nchani: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu. Zambarau ikifika nchani, acha, kipoe. Rudia upande wa pili huku katikati na upande uliomaliza umefungwa kitambaa kilicholowa.

Usichomelee ncha kwenye kiatu. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, na mshono wake hupasuka pembeni ukipoa haraka. Kifunge kwa bolti. Kama kuna mahali huna njia ila kuchomelea springi au kisahani, kipashe kwanza mpaka tone la maji likiruka juu yake, tumia rodi ya 7018, kisha kizike kwenye majivu.

8. Kiatu na mabawa.

Kiatu ni pleti ya milimita 8 iliyokunjwa kama herufi V, imechomelewa chini ya mguu. Ncha inakaa mbele yake kwa mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25 kutoka ardhini. Bandika kwa nukta, simamisha mguu sakafuni, angalia kisigino kimeinuka sentimita 1 hadi 1.5 kama ulivyopima. Usichomelee mpaka hilo liwe sawa kwa miguu yote miwili. Mguu mmoja ukichimba kuliko mwenzake, trekta itavutwa upande siku nzima na dereva atachoka mikono.

Mabawa: kisahani cha plau cha inchi 26 kikikatwa katikati kinatoa mabawa mawili yenye mkunjo tayari, yanayofaa MF. Kwa trekta ndogo chukua kisahani cha haro cha inchi 20 au 22. Weka kielelezo chako cha boksi juu, punguza kwa grainda panapozidi. Ukikosa visahani, pleti ya milimita 4 iliyokunjwa juu ya bomba nene itafanya kazi, ila kwa mchanga wetu wa Tabora italiwa haraka.

Funga mabawa kwenye kiatu kwa bawaba za kipande cha bomba na fito ya milimita 16. Nyuma yake weka vyuma bapa vyenye matundu kila milimita 25, ili upana ubadilike kutoka sentimita 35 hadi 60. Ukingo wa chini wa bawa uwe juu ya ncha kwa sentimita 2 hadi 3. Bawa likigusa chini linakuwa breki.

9. Rangi.

Redi oksaidi kwanza, kisha rangi ya juu. Wenye Ferguson watataka kijivu, wenye MF nyekundu, wenye Kubota machungwa, na kwa kweli inapendeza. Uso wa bawa na ncha usipake; paka oili chafu. Udongo utaung'arisha wenyewe, na rangi hapo inafanya udongo ung'ang'anie. Usibandike kibao cha jina la kiwanda. Gonga alama yako mwenyewe na mwaka, ili mtu akiinunua baadaye ajue ananunua kopi.

10. Funga na jaribu.

Funga mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia wenye kirekebisho, mwisho toplinki. Kaza minyororo ya kuzuia kuyumba. Inua haidroliki hadi juu ukiwa umesimama pembeni, hakikisha mnara haugusi tairi wala kiti. Ukitaka kuongeza mshono ikiwa bado kwenye trekta, fungua waya wa betri, na bana ya waya wa ardhi (earth) wa mashine ya kuchomelea iweke karibu kabisa na unapochomelea.

Jaribu kwenye shamba lililokwishalimwa. Rija siyo plau. Kwenye ardhi mbichi itaruka ruka na utailaumu bure. Tumia gia ya chini, kina sentimita 15 hadi 20. Rekebisha toplinki mpaka fremu ilale sawa ikiwa kazini. Mzunguko wa pili, weka tairi moja ndani ya mtaro wa mwisho. Mguu mmoja utapita pale pale na mwingine utafungua mtaro mpya. Ni taratibu, lakini matuta yote yanatoka nafasi moja bila kuhitaji kamba wala chombo cha kuweka alama.

Onyo moja la uhai. Trekta ikikwama, usifunge mnyororo kwenye sehemu ya toplinki ukavuta au kuvutwa kutokea pale. Kuvuta kutoka juu kunainua pua ya trekta, na trekta ndogo hupinduka chali juu ya dereva kabla hajakanyaga klachi. Vuta kutoka chini, kwenye kishikio cha tela, siku zote.

Ikikataa

Haizami. Fupisha toplinki ili ncha iiname zaidi. Ikikataa bado, angalia kisigino: pengine kimechomelewa chini mno na hakuna mwinamo. Sababu ya tatu ni ncha iliyokwisha, igeuze.

Inazama kupita kiasi na trekta inazimika. Refusha toplinki. Kwenye mbuga yenye udongo mweusi uliolowa, punguza upana wa mabawa kwanza, maana udongo ule hushika kama uji wa muhogo na hauteremki.

Kina kinapanda na kushuka chenyewe. Haidroliki za MF husikiliza msukumo wa toplinki, na rija kwenye mchanga ni nyepesi mno kwake. Tumia mkono wa kudhibiti kimo badala ya ule wa kudhibiti mvuto, au ongeza magurudumu mawili madogo ya kina kwenye ncha za fremu.

Tuta moja kubwa, jingine dogo. Trekta imelala upande. Zungusha kirekebisho cha mkono wa kulia mpaka fremu iwe sawa na ardhi. Kama fremu iko sawa, pima tena miguu kutoka alama ya katikati.

Tuta lina kilele chenye bonde katikati. Udongo haujafika. Fungua mabawa tundu moja, au ongeza kina kidogo. Kwa matuta ya viazi vitamu hili ni muhimu, kwa sababu tuta dogo linatoa viazi vidogo, na viazi vidogo havina michembe (vipande vya viazi vilivyokaushwa) ya maana.

Bolti laini inakatika mara kwa mara sehemu ile ile. Hapo kuna kisiki. Shuka na jembe, kitoe, usipande saizi ya bolti.

Ncha inapinda. Haikupata ugumu, sumaku ilikuwa bado inashika ulipoizamisha. Rudia. Ikivunjika badala ya kupinda, ulisahau kuipasha mara ya pili mpaka rangi zitembee.

Bolti za mashavu zinalegea. Baada ya saa ya kwanza ya kazi kaza zote, na tena jioni. Rangi iliyobanwa chini ya washa hukatika na kuacha nafasi, kwa hiyo isage pale washa inapokaa.

Msimu ukiisha, osha, kausha, paka oili chafu kwenye ncha na mabawa, na uiegemeze juu ya magogo ili ncha isilale kwenye udongo. Vielelezo vya maboksi vitundike pakavu ndani ya karakana. Mtu wa pili atakayekuja na MF yake atavihitaji kabla ya Novemba ijayo.